Mikono Iliyosahau Mpini

Wapendwa, naandika haya kwa mkono wangu mwenyewe, na hiyo peke yake yanitosha kumshukuru Mungu.

Mimi ni Mwende. Kabla ya kuugua nilikuwa nauza mipini ya jembe na shoka na baba yangu sokoni Tala, huku nikiota kibanda changu mwenyewe, cha rangi ya machungwa. Kwetu mteja hanunui mpini kwa macho. Anaushika mwisho, anaupunga hewani, mkono unamwambia kama ni mrefu au umelemea mbele. Mimi ningekuambia hayo nikiwa nimefumba macho.

Nilianza kwa kuharisha. Tumbo likatulia, lakini vidole vya miguu vikawasha kama nimekanyaga siafu. Halafu vya mikono. Nikadhani ni uchovu tu. Siku ya soko nikampungia mteja shoka aone lilivyo jepesi. Likaniponyoka. Sikujua limetoka mpaka nilipoliona limedunga gunia ambalo mama yangu alikuwa ameegemea.

"Aiya! Mwende, unataka kuniua?"

"Mama, sikusikia likitoka!"

Baba akaniangalia mikono, akaanza kufunga mizigo. Hapo ndipo nilipoogopa.

Tulipofika hospitali miguu ilikuwa imekataa kusimama. Daktari akasema mwili wangu unashambulia mishipa yake wenyewe ya fahamu. "Ikipanda hadi kifuani, tutakuwekea mashine ya kupumua." Nilikojoa kwa mpira. Mdomo ulilegea, mate yakanitoka. Niliogopa kusinzia, nisije nikasahau kuvuta pumzi.

Nani kama Mungu! Ugonjwa ukaacha kupanda. Nguvu zikaanza kurudi, lakini mikono ilikuwa kama ya mtu mwingine. Nikifumba macho nilimuuliza muuguzi, "Nimeshika kijiko?"

"Umeshika, dada."

Nililia sana. Nitaishi hivi?

Baba akaja na gunia la mipini badala ya matunda. Mama wa kitanda jirani akacheka, "Mzee, kwani wodini tunalima?"

"Huyu akipona tutalima."

Daktari wa mazoezi akakubali. Kila akija, baba alinifunga macho kwa leso, akaniwekea mpini mkononi. "Ni wa nini, mwana wakwa, mwanangu? Usiupapase. Upunge."

Nilibahatisha tu. Nikikosa, alikohoa. Wiki nyingi alikohoa.

Halafu siku moja kitu kikauvuta mkono wangu chini. "Baba, huu si mpini mtupu. Uko na kitu mbele."

"Kitu gani?"

Nikaupunga tena, naogopa hata kusema. "Nyundo? Fupi, ya kupigia misumari?"

Hakukohoa. Nikamsikia akipenga kamasi.

Leo niko sokoni, ingawa vidole viwili bado vina ganzi, na kila nikiamka natafuta kwanza kitu cha kushika. Nawashukuru madaktari, na wazazi wangu. Ganzi ikikupanda, usingoje kesho, nenda hospitali. Na ukiwa na mgonjwa kama mimi, usimlishe tu. Mpe mkononi kitu cha kazi yake, kisha umngoje. Atakosea sana. Wewe mngoje tu.