Orodha Yangu Iliposomwa Mbele ya Wakwe

Hii aibu nimeibeba karibu mwaka mzima na leo nimeamua kuitoa mwenyewe, kwa sababu wale waliokuwepo wameshaisimulia mpaka Mbita na kila anayesimulia anaongeza chumvi yake, kwa hivyo ni afadhali muisikie kwangu mimi niliyeipika.

Mimi ni fundi wa nguo hapa Oyugis, na zamani nilikuwa mtu wa kusahau. Si kusahau kwa kawaida. Vipimo vya wateja nilikuwa naviandika kwa vipande vya kitambaa, halafu kipande chenyewe nakitumia kushona mfuko wa shati (kuna mwalimu alivaa shati muhula mzima likiwa na kiuno cha mama mwingine kimeandikwa ndani ya mfuko). Nimeshawahi kumpeleka mama yangu kliniki siku ambayo si yake, tukakaa kwa benchi asubuhi yote, halafu siku yake ilipofika nikasahau kabisa. Hiyo ya pili ndiyo iliniuma. Kutoka siku hiyo Mama alianza kumwomba ndugu yangu mdogo, Ouma, awe anamkumbusha, mimi nikiwa nimekaa hapo hapo nasikia.

Jirani yangu sokoni, Halima, muuza vitambaa, ndiye aliyenionea huruma. Alichukua simu yangu akanionyesha mahali pa kuandika orodha: unaandika jambo, likifanyika unaweka tiki, likiwa na siku yake simu inalia yenyewe, na kama mikono imeshika kazi unaongea tu na simu inaandika. "Lakini simu haitakusaidia kama huna mazoea," Halima akaniambia. "Kila asubuhi kabla hujagusa cherehani, kaa dakika kumi usome orodha yako. Mimi siachi kuswali, na wewe usiache hiyo."

Nikafanya hivyo, na wacha niseme ukweli, maisha yalibadilika. Vipimo vyote vikaingia kwa simu na jina la mwenyewe, sare za shule zikaisha kabla shule hazijafunguliwa, kliniki ya mama ikawa inalia siku tatu mbele, siku moja mbele, na asubuhi yenyewe. Nikaanza kulala vizuri. Na kama mjuavyo mtu aliyeokoka juzi, nikaanza kuhubiri. Mteja akija kuuliza gauni lake namwuliza na yeye, "Wewe siku zako unazipanga wapi?" Halima akawa ananikwepa.

Basi wakati huo huo Ouma akapata mchumba, Mercy, msichana wa Kisegi, na siku ikapangwa ya sisi kwenda kujitambulisha kwao. Baba yetu alishafariki, kwa hivyo anayesimama mahali pake ni mdogo wake, Baba Mdogo Opiyo wa Rongo, na yeye ndiye aliyesema mbele ya familia nzima, "Safari hii apange Akoth. Siku hizi ana kichwa." Mama akatikisa kichwa kukubali. Nyinyi hamwezi kujua hayo maneno yalinifanyia nini. Mimi, wa kusahau, nimepewa safari ya wakwe.

Nilifungua orodha mpya nikaiita Safari ya Kisegi. Nani anaenda, nani anabeba nini, gari linatoka saa ngapi, Baba Mdogo ni wa Sabato hanywi chai ya majani kwa hivyo aombewe uji. Na kwa sababu nilikuwa nashona, mambo mengi nilikuwa nayasema tu kwa mdomo, mguu uko kwa cherehani, simu iko karibu na mkasi, na mnajua mtu akiongea peke yake anaongea vipi. Kila lililopita kichwani likaingia. Nilifikiria kutengeneza orodha mbili, moja ya watu na nyingine ya siri zangu, lakini nikajiambia, si tunarahisisha maisha, orodha moja yatosha. Huo ndio uamuzi mdogo ulioniponza. Dakika mbili za kazi nilizokataa kufanya.

Ijumaa, siku mbili kabla ya safari, kaka yake Mercy akanitumia ujumbe. Wanataka kujua tunakuja watu wangapi na ratiba ikoje, ili wajue watapika kiasi gani. Nikajibu haraka, kwa madaha kabisa, "Usijali, kila kitu kiko hapa," nikamtumia linki ya orodha. Nilikuwa na zipu ya gauni la bi harusi mkononi na sindano tatu mdomoni. Sikukumbuka kilichokuwa ndani.

Yeye naye, kwa heshima, akaipeleka kwa grupu la familia yao.

Jumamosi jioni nikafungua simu nikakuta mambo mengi kwa orodha yameshawekwa tiki; nilihesabu tiki tu, maneno sikuyasoma. Nikajua ni watu wetu, maana Mama na Baba Mdogo niliwapa linki mapema, orodha ikiwa bado ya mizigo tu, na kuwafundisha kuweka tiki. Nikamwambia Ouma, "Unaona familia ikiwa na mpangilio?" Kumbe watu wetu hawakuwahi hata kuifungua. Zile tiki zilitoka Kisegi.

Jumapili tukafika saa tano kamili, wasafi, kwa wakati, mimi nimevaa gauni la kitenge nililoshona mwenyewe. Mama yake Mercy akatupokea mlangoni, na mimi sikuchelewa, nikaanza kusifu nyumba yake mpya ya matofali. Nikasifu madirisha, nikasifu rangi, nikasifu mpaka mabati. Watu wakakohoa. Binti mmoja akaingia jikoni mbio ameziba mdomo. Nikaona ni ugeni tu.

Ndani pia viti vilikuwa vimepangwa vizuri ajabu. Baba Mdogo alipewa kiti cha mlangoni, na kule mwisho kabisa wa chumba, peke yake, alikuwa amekaa mama mmoja wa makamo, shangazi yake Mercy kutoka Rusinga, ambaye wote walimwita Waya Dorina, Waya kwa Kijaluo ni shangazi. Nilikuwa nimeambiwa na Ouma kwamba huyo hufunga mdomo akilala tu. Siku hiyo hakusema neno. Alinisalimia kwa kichwa.

Maombi yakafanyika, watu wakatajwa majina, halafu mzee wa boma akasema kwamba kabla ya chakula, Waya ana jambo. Waya Dorina akasimama, akavaa miwani, akatoa simu kwa mkoba.

"Sisi huku hatujazoea wageni wanaokuja na programu," akasema. "Kwa hivyo nimeona tuisome pamoja, tusije tukakosea."

Nikatabasamu. Nawaapia, nilitabasamu, nikidhani nasifiwa.

"Mama yake Mercy," akasoma polepole kama mtu anayesoma tangazo kanisani, "anaringa kidogo kwa sababu ya nyumba mpya. Isifiwe haraka tukifika, moyo wake ulainike." Akainua macho. "Hiyo imefanyika. Nilikuwa nimeiwekea tiki mapema."

Nikatamani kusimama, miguu ikakataa.

"Shangazi wa Rusinga anaongea kama redio. Akalishwe mbali na Baba Mdogo, la sivyo hatutarudi siku hiyo." Akageuka akatazama kiti chake kule mwisho. "Nimejikalisha mwenyewe, nisiwape kazi."

Vijana waliokuwa dirishani walicheka, lakini wazee hawakucheka, na Mama alikuwa ameinamisha uso, anakunja na kukunjua leso yake. Ouma alinitazama kama mtu anayemtafuta dada yake katika uso wa mtu mwingine.

"Baba Mdogo Opiyo," Waya akaendelea, na hapo sauti yake ilipungua kidogo, "aambiwe kwa upole ajizuie kwa samaki. Hapo kwa wakwe asile kama mtu aliyetoka kulima."

Hakuna aliyekuwa amemwambia. Nilipanga kumwambia garini nikakosa ujasiri. Baba Mdogo alinigeukia na kuniuliza kwa sauti ya chini, "Akoth, huyo ni mimi?" Akachukua kofia yake. Mtu mzima, aliyesimama mahali pa baba yangu, aliyeniamini mbele ya watu wote, alikuwa anachukua kofia aende zake, na akienda yeye hakuna utambulisho, na bila utambulisho hakuna ndoa ya Ouma.

"Kaa kidogo, Baba," Waya Dorina akamwambia. "Imebaki moja, na hiyo ndiyo iliyonifanya nisimame. Kama si hiyo ningewaacha mle, mwende zenu, nicheke nikiwa Rusinga."

Akasoma. "Kumwuliza Mercy faraghani kama yeye mwenyewe anamtaka Ouma, ama ni mama yake ndiye anayetaka. Asilazimishwe. Ouma asijue nimeuliza."

Nilikuwa nimesahau kwamba nililisema hilo. Lilinitoka siku moja nikipinda suruali, kwa sababu kila tukimwona Mercy alikuwa kimya, na ukimya wake ulinisumbua.

Waya akavua miwani. "Mimi ni redio, ni kweli. Nimeongea juu ya hii ndoa miezi mitatu. Lakini hili swali sikuuliza, na hakuna mtu wa boma hili aliyeuliza. Aliyeuliza ni huyu mgeni mwenye mdomo mbaya. Mercy, uko wapi?"

Mercy alikuwa amesimama kwa mlango wa jikoni na beseni ya maji ya kunawa. Aliiweka chini kwanza.

"Namtaka," akasema. Kisha akaongeza, "Lakini nimebakisha mwaka mmoja nimalize uuguzi, na mkisema harusi ni mwezi wa nane nitaacha masomo. Sikujua nimwambie nani. Kila mtu alikuwa anafurahi."

Aliyejibu ni Ouma, ambaye kwa kawaida mbele ya wakubwa hasemi: "Mimi sikuwa najua. Mwaka mmoja nitangoja."

Ndipo miguu yangu ilipokubali. Nikasimama nikaomba msamaha, kwanza kwa Baba Mdogo, halafu kwa Mama Mercy, halafu kwa Waya, na sikupanga maneno, na machozi yaliharibu gauni. Mama Mercy alisema, "Hata hivyo hayo madirisha ni mazuri," na hapo wazee nao wakacheka. Baba Mdogo alirudisha kofia chini. Lakini hakugusa samaki. Alikunywa uji tu, na kila nikikumbuka kile kikombe nasikia uchungu.

Ilinichukua safari tatu za Rongo kabla hajanisamehe. Ya tatu nilimkuta anapalilia, nikachukua jembe nikapalilia naye mpaka mstari ukaisha, na yeye akasema, "Ungeniambia tu, mtoto. Mimi mwenyewe najijua." Jioni hiyo mke wake alipika samaki na tukala wote bila kujizuia.

Mercy anamaliza masomo mwezi ujao. Waya Dorina hunipigia kila wiki, mara mbili wiki nyingine, na siku zake za dawa ya presha ziko kwa simu yangu pamoja na za Mama.

Bado naamka, bado nakaa zile dakika kumi kabla ya cherehani, na hilo sitaliacha kwa sababu limenifanya mtu. Ila sasa, kabla sijaandika jina la mtu yeyote, kwanza nayasema maneno yenyewe kwa sauti kana kwamba amekaa mbele yangu, na lile nisiloweza kumwambia usoni siliandiki. Orodha zangu zimekuwa fupi sana.