Miguu Niliyomwazima

Nilipenda sana kufifisha picha. Miaka ya tisini ilikuwa ikielekea ukingoni, na mimi, mtu wa bara niliyeletwa Ukunda na kazi za hoteli, nilikuwa mmoja wa wachache pale waliojua kurekebisha picha kwa kompyuta. Hoteli zilikuwa tupu baada ya vurugu za kuwafukuza watu wa bara. Wenzangu wengi wa bara walikuwa wamefunga virago. Mimi nilibaki kwenye duka la picha kando ya barabara ya Diani, nikiringa kwa ujuzi ambao hakuna aliyeniomba.

Kufifisha kwenyewe ni hivi. Unachagua rangi mbili, unavuta kipanya kutoka upande mmoja hadi mwingine, na kompyuta inajaza rangi za katikati. Ukiharakisha, rangi zinatoka na ngazi ngazi, kama sakafu iliyopigwa na fundi mlevi. Ukitaka zilainike unarudia polepole, unanyunyizia chembe ndogo kama vumbi, mpaka jicho lishindwe kusema weupe umeanzia wapi. Mimi nililishinda jicho. Picha za matanga za watu wa kwetu nilizifanya zote kwa mtindo huo: uso na mabega vinabaki, na kuanzia kifuani kwenda chini marehemu anayeyukia ndani ya weupe. Watu wakilia, nilihesabu kuwa nimesifiwa.

Siku moja ya masika aliingia mama mmoja Mdigo, leso zimelowa. Akafungua pindo na kutoa picha ya kijana aliyesimama mbele ya ukuta, mzima kuanzia kichwani hadi viatuni. Upande wa chini ulikuwa umepata maji.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Huyu ni mtoto wangu, sina mwingine. Amepotea. Nataka unitolee picha kubwa, nzuri, watu wamuone. Na picha ni hiyo moja tu."

Nikampa pole. Akaniambia amekwisha kupoa, arudi lini? Nikamwambia kesho.

Kompyuta yetu ilikuwa na nafasi ndogo, kwa hiyo niliingiza nusu ya juu peke yake. Ya chini ya nini, na itafifia? Picha yenyewe niliiacha kifudifudi juu ya kioo cha skana, nikafunga kifuniko. Kazi ilitoka vizuri mno. Kijana alichomoza katika weupe kama mtu anayetoka kuoga.

Kesho yake mama aliishika ile karatasi kwa mikono miwili, akaitazama kutoka juu hadi chini.

"Miguu yake iko wapi?"

"Mama, picha za matanga ndivyo tunavyozifanya."

"Matanga ya nani?"

"Si ulisema amepotea?"

"Nilisema amepotea. Sikusema amekufa."

Kwetu bara, mtu akikwambia amempoteza mwanawe, unavua kofia. Mama huyu alikuwa amesema neno lenyewe tu, kama unavyomwambia rafiki hujamwona siku nyingi, umepotea wewe. Tangu vurugu zile mwanawe hakuwa amerudi, na yeye alitaka picha ya kuzungusha Msambweni, Shimoni, hadi Majoreni, aulize nani amemwona. Na mimi nilikuwa nimemvisha sanda.

"Mrudishie miguu yake," akasema. Hakupandisha sauti. "Atakujaje nyumbani bila miguu?"

Nikamwahidi Alhamisi. Alipoondoka nikainua kifuniko cha skana. Picha ilikuwa imegandia. Niliibandua kwa ukucha, taratibu, nikiomba Mungu. Uso ulitoka salama. Kuanzia kiunoni kwenda chini, rangi yote ilibaki kwenye kioo, na mkononi nikawa nimeshika karatasi nyeupe. Ilikuwa imefifia vilevile nilivyoifanya mimi jana, ila hii haikuwa na njia ya kurudi nyuma.

Niliogopa, sitaficha. Nilisugua kioo kwa pamba na spiriti hadi mkono ukauma. Bado kila picha niliyoingiza baada ya pale ilitoka na mistari miwili ya kahawia hafifu upande wa chini, sambamba, imesimama. Niliingiza bwawa la kuogelea la hoteli moja, ikawa imesimama majini. Niliingiza chumba cha kulala, ikawa imesimama miguuni pa kitanda. Mwenye duka alisema ni uchafu tu, nikakubali, nikahamisha kiti changu ili skana isiwe mgongoni mwangu.

Ningemwambia mama ukweli, yangekwisha. Lakini fundi mwenye kiburi ana maradhi yake. Nilivaa suruali ya kahawia kama ya kijana, nikasimama ukutani, nikajipiga picha kuanzia kiunoni kwenda chini, na miguuni akala zangu za mpira wa tairi, zenye mkanda wa buluu. Kisha nikaketi kufifisha. Kiuno chake kikaingia katika kiuno changu, chembe kwa chembe, mpaka mimi mwenyewe nikashindwa kuonyesha anapoishia yeye ninapoanzia mimi. Ndiyo kazi safi kuliko zote nilizowahi kufanya.

Alhamisi mama aliipokea, akatabasamu. Kisha akainama karibu.

"Viatu hivi sivikumbuki."

Nikakunja miguu yangu chini ya kiti.

"Labda alinunua," akasema, akaikunja ndani ya leso.

Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilifika Msambweni, ikageuka. Wiki ya pili nilisikia hodi mlangoni. Mama alikuwa amevaa leso mpya na mkononi ana sahani iliyofunikwa. Uso wake uling'aa, sikuwahi kumwona hivyo.

"Ameonekana," akasema. "Fundi viatu wa sokoni Msambweni, uso hakuujua, lakini viatu amevitambua. Amesema mkanda huu wa buluu aliushona yeye kwa mkono wake, na mwenyewe yuko Ukunda, duka la picha. Kumbe alikuwa hapa hapa! Niitie mwanangu."

Nilitamani kaunta iwe ndefu hadi sakafuni. Mama alikuwa ameanza kuchungulia nyuma yangu, chumba cha ndani, ndipo macho yake yakashuka. Akala, mkanda wa buluu. Alifungua leso, akatazama picha, akatazama miguu yangu, akatazama picha tena.

Nikamweleza yote, kioo, suruali, kufifisha. Sijui kama alisikia. Nilipomaliza, alifunua sahani. Ulikuwa mkate wa kumimina, bado una moto.

"Kaa ule," akasema. "Nimempikia mwenye viatu hivi."

Nikakaa, nikala. Alisimama pale mpaka nikamaliza, na muda wote huo macho yake hayakupanda juu ya magoti yangu.