Siku Ukumbi wa Mama Sakafu Uliponyamaza

Jina la Mama Sakafu hakupewa na wazazi wake. Alipewa na wanafunzi wa chuo kikuu, tena si kwa mapenzi. Yeye ndiye aliyetunza sakafu ya mbao ya ukumbi wa michezo, na kwa sakafu ile hakuwa na masihara. Ukiikanyaga na viatu vya nje unarudishwa mlangoni, hata uwe profesa na tai yako shingoni.

"Huko kwenu mnalala na viatu?" angekuuliza. Na jibu angelisubiri.

Kazi aliianza akiwa mjane mbichi, mtoto mgongoni, ukumbi bado unanuka rangi. Akapiga deki, akapaka nta, akasugua kwa magoti mpaka magoti nayo yakaanza kulalamika. Mtoto akakua, akazaa, na mjukuu akaingia chuo hichohicho. Lakini ukumbi mjukuu aliujua kwa kuchungulia dirishani, maana ulikuwa wa timu ya chuo: vijana wachache, warefu warefu, wanaorudi na vikombe. Wanafunzi wengine wote kazi yao ilikuwa kupiga makofi.

"Bibi," mjukuu alimuuliza siku moja akimenya viazi, "mbona ukumbi wa chuo chetu una wenyewe?"

"Una mwenyewe mmoja. Mimi. Menya viazi."

Basi akaja mwalimu mpya wa michezo, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kuita watu wa ng'ambo. Akasema ukumbi ufunguliwe kwa kila mwanafunzi: anayejua mpira na asiyejua, mnene na mwembamba, anayeona na asiyeona. Wakubwa wa chuo wakakuna videvu. Haya, wakamwambia, jaribu Jumamosi moja. Ikienda mrama, ukumbi unarudi kwa timu na maneno haya tusiyasikie tena.

Mama Sakafu akasonya. Aliiombea Jumamosi ile mvua, ingawa ukumbi una paa.

Jumamosi yenyewe asubuhi akafungua mlango, ndoo mkononi, na ndoo nusura imponyoke. Jana yake jioni, yeye akiwa ameshakwenda kwake, kuna mtu alikuwa ameibandika sakafu utepe wa kunata huku na huku, na chini ya utepe kuna kitu kimetuna kama mshipa. Akainama, akachokonoa. Kamba! Mtu kaweka kamba juu ya mbao zake, kisha kaifunika.

"Ndiyo maana sikutaka wageni," alisema peke yake. Akapiga magoti, akabandua mpaka mwisho. Gundi akaisugua, akapaka na nta. Sakafu ikang'aa hata ungeweza kujitazama meno.

Mchana watu wakafurika. Viatu walivua wenyewe, vikajaa barazani mpaka kwenye ngazi. Wakaingia wachezaji wa mpira wa njuga, ule unaochezwa kwa kusikia, watatu na watatu, kila upande na goli lake la kulinda. Wengine hawakuona kabisa, wengine waliona kidogo, kwa hiyo wote walifungwa vitambaa vyeusi machoni ili wawe sawa. Nahodha wa upande mmoja alikuwa msichana mrefu aliyezaliwa haoni. Akapiga magoti, akapapasa sakafu kwa viganja. Akapapasa mbele, akapapasa nyuma. Akasimama.

"Mwalimu, mistari iko wapi? Mimi hapa niko katikati ya bahari."

Kule juu kwenye viti vya wageni, wakubwa wa chuo wakaanza kutazama saa.

Pale mlangoni Mama Sakafu akaitazama ndoo yake. Kumbe kile kilichotuna ndiyo ilikuwa njia yao. Waliitafuta kwa vidole na nyayo, kama yeye anavyopapasa kiberiti kwake umeme ukikatika. Angeweza kunyamaza, hakuna aliyemwona. Na akinyamaza, ukumbi unarudi kuwa wake.

Akamtazama yule msichana, viganja wazi, anasubiri. Kisha akaingia uwanjani.

"Nimezing'oa mimi," alisema kwa ukali, kana kwamba kosa ni lao. "Mtu anibandikie makamba sakafuni bila hodi, mlitaka niimbe?"

Ukumbi mzima ukacheka. Msichana naye akacheka, akageuza uso kuifuata sauti. "Shikamoo, bibi. Ndiye wewe wa 'mnalala na viatu'?"

"Marahaba. Ndiye mimi. Kamba zenu ziko kwenye ndoo yangu. Nionyeshe zinapita wapi."

Wakatambaa pamoja. Mwalimu anapima, msichana ananyoosha kamba, bibi anapitisha utepe.

"Kaza, bibi, hapa imelegea."

"Imelegea wapi? Naiona imenyooka."

"Unaiona. Hebu iguse."

Akaigusa. Imelegea kweli. Akaikaza bila neno, jambo ambalo mjukuu wake, aliyekaa mbele kabisa, anasema hajaliona tangu azaliwe.

Mwalimu akapuliza filimbi. "Kimya, tafadhali!" Na vijana wale wa makelele, wale wanaoimba matusi kwenye mechi za timu, wakatulia kama maji mtungini. Mpira ukabiringishwa, njuga ndani yake zikalia: chwi, chwi, chwi. Msichana akatega sikio, akajirusha ubavu, akanyooka sakafuni mwili mzima, mpira ukamgota tumboni. Amezuia! Hakuna aliyepiga makofi. Kimya kile kilikuwa cha wote, kila mmoja ameshika upande wake, hata yule wa nyuma kabisa asiyeweza kudaka chungwa. Mmoja akiachia, mchezo umekufa.

Miaka yote hiyo Mama Sakafu alidhani anaijua sakafu yake. Hakujua kama inasikika. Akasogea kidogo aone vizuri, na kandambili zake, zile asizozitoa nje ya mlango, zikalia: kwii!

Mchezo ukasimama. Msichana akainua kichwa.

"Bibi," akasema, "huko kwenu mnalala na viatu?"

Kicheko kilichopasuka hapo kilitikisa madirisha, kisha kimya kikarudi. Mama Sakafu akavua kandambili, akazibana kwapani, akasimama peku juu ya mbao zake mwenyewe. Mpira ukatupwa tena. Aliusikia kwa nyayo kabla ya masikio, mtetemo unakuja, unakuja, akajikuta amezuia pumzi pamoja na ukumbi mzima. Kule juu hakuna aliyekuwa akitazama saa.

Ukumbi haukufungwa tena. Kamba siku hizi anabandika yeye, na ole wake atakayezigusa.