Anayeleta Maziwa Anywe Kwanza

Mwaka wa sita wa sekondari, kule Walikale, prof wetu wa historia alitufundisha mageuzi ya Amerika ya mwanzo wa karne iliyopita. Kitabu hakikuwepo. Alisoma kwenye daftari lake lililolowa pembeni, sisi tukanakili. Watoto waliofanya kazi viwandani. Wanawake waliodai kura. Halafu maziwa. Alisema katika miji mikubwa ya kule, maziwa ya kuuzia maskini yalitiwa maji, kisha yakatiwa chaki ili weupe urudi. Akainua chaki aliyokuwa nayo mkononi.

"Hii. Watoto walikunywa hii."

Darasa zima tukacheka. Sisi ni watu wa msituni. Kwetu mtoto anakua kwa titi la mama yake, baadaye ndizi na samaki wa mtoni. Ng'ombe wengi wetu tulimjua kwa picha. Mwenzangu wa dawati la nyuma akasema, "Prof, bazungu banakufa juu ya maziwa? Si bakunywe maji basi!"

Prof hakukasirika. "Mucheke," alisema. "Lakini muandike."

Niliandika. Niliandika hata hili, kwamba watoto walipokufa, akina mama wa maskini ndio walioambiwa kwanza kuwa ni wachafu. Kwenye mtihani prof akauliza mageuzi yale yaliletwa na nani. Nikajibu: Serikali. Akanipa pointi zote.

Nimeolewa na mtu wa Masisi. Vita vilitutoa kwenye kilima chao, tukafika kambi ya Kitshanga mimi, mume wangu, mama yake na mtoto wetu wa kwanza, mvulana. Mume alirudi upande wa Walikale kutafuta mawe kwenye mashimo ya madini, anakuja siku anayokuja. Mimi nalima mashamba ya watu. Mtoto alipofika miezi minane nilikuwa na mimba nyingine, na mama mkwe akasema maziwa ya mwenye mimba yanamuharibu mtoto, nimtoe kwenye titi. Nikamtoa. Nikaanza kununua maziwa ya ng'ombe.

Yalikuja na pikipiki kila asubuhi kutoka malisho ya upande wa Kirolirwe, bidoni mbili, madumu ya plastiki ya manjano, zimefungwa nyuma, zimejaa mpaka shingoni. Kijana mwenye pikipiki alisimama pale kambi inapoanza, tukapanga vikombe. Mara ya kwanza nilimuuliza kama nichemshe.

"Dada, iko imechemshwa tayari kule juu. Ukichemsha tena unaua nguvu yake."

Nilimwamini. Yeye ni mtoto wa malisho, mimi ni wa msituni, ningejua nini? Kuni zilikuwa shida. Leo ningechemsha mara tatu. Naandika hivyo ili mtu asiseme nimejificha.

Mvua zilipoanza, mtoto akaanza kuharisha. Siku nne. Kwenye kituo cha afya muuguzi alinionyesha picha ukutani: mikono miwili, sabuni, mfereji. "Bamama ya kambi, hamunawi mikono," alisema mbele ya watu wote waliokaa kwenye mbao. Mfereji! Kambi nzima tulikuwa tunapanga foleni ya maji tangu giza, na huyu ananionyesha mfereji wa picha. Nilikuwa nimebeba mtoto ambaye macho yake yalikuwa yameingia ndani. Alikufa kesho yake kabla ya saa sita mchana. Alikuwa na miezi kumi na moja. Alikuwa ameanza kusimama kwa kushika sketi yangu.

Mama mkwe alisikia yale ya muuguzi. Hakunipiga, hakunitukana. Msichana wangu alipozaliwa, na alipofika umri wa kuongezewa maziwa, mama mkwe alichukua kikombe cha kumnyweshea, akakiweka kwenye kona yake ya kulala. Aliniambia, "Wewe umunyonyeshe. Kikombe, hapana. Ile mikono yako uiweke mbali."

Nikitoka kulima jioni, natazama mtoto wangu akinyweshwa na mtu mwingine, mimi nimekaa kama mgeni. Mwaka mzima nimenawa mikono kama mtu aliyeua. Majivu, mchanga, sabuni nikiipata. Ngozi ilipasuka kati ya vidole.

Aliyenifungua macho ni jirani wa hema la pili, mama mzee wa Kirolirwe ambaye ng'ombe wake wote walichukuliwa. Asubuhi moja alinikuta nimerudi na kikombe, ninampelekea mama mkwe. Akachovya kidole, akaweka tone moja kwenye ukucha wa kidole gumba, akakiinamisha. Tone likakimbia chini kama chozi.

"Mutoto wangu, maziwa inakaaka ku ukucha. Hii inakimbia."

"Ina maana gani, Mama?"

"Iko na maji. Mingi. Unanunuaka nini kila siku, mvua?"

Alicheka kidogo, halafu akaona uso wangu akaacha. Mimi nilikuwa nasikia chaki ya prof ikikwaruza ubao.

Sikulala vizuri. Asubuhi nilikwenda mapema na akina mama sita, wengine nimewavuta kwa nguvu, na yule mama mzee mbele. Pikipiki ikafika. Kabla kijana hajafungua kamba, mama mzee akaomba tone. Likakimbia. La bidoni ya pili nalo likakimbia.

"Bamama, munanichelewesha," kijana alisema. "Mwenye hataki maziwa aende akunywe chai."

Nikachota kikombe kimoja kutoka bidoni yake, nikamnyooshea. "Kunywa."

"Nimekunywa nyumbani."

Mama mzee akasogea. "Mutoto wa malisho, tangu lini maziwa inakataliwa? Ukipewa mara kumi, unakunywa mara kumi. Babu yako hakukufundisha?"

"Mimi sikunywaka maziwa, Mama. Tumbo inaniuma."

Wakacheka. Mmoja akapiga kelele, "Ajabu! Muuza maziwa tumbo inakataa maziwa!" Watu wakaongezeka. Mama mkwe naye alikuja kusikiliza, msichana wangu mgongoni. Mimi sikucheka. Nilishika kikombe palepale mbele ya mdomo wake. Kicheko kikaisha chenyewe. Kijana alitazama kile kikombe kama mtu anayetazama nyoka, na hapo kila mmoja wetu akaelewa. Asiyejua kilicho ndani angekunywa.

"Unachota wapi maji?" nikamuuliza.

"Patron wangu njo alisema bidoni ijae. Kiangazi ng'ombe ilikuwa inatoa kidogo. Hainaga shida, kila muntu anafanya..."

"Wapi?"

"Pale chini. Ku daraja."

Daraja lile tunalijua wote. Mvua ikinyesha, kila kitu cha vyoo vya kambi kinateremka kupita pale.

"Tangu siku gani?"

Hakujua alichokuwa anaulizwa. Alijibu haraka, kama mtu anayetaka aachwe aende.

"Tangu kiangazi ya mwaka jana."

Mtoto wangu alikufa mvua za mwaka jana. Niliinua kile kikombe nimrushie usoni, kisha nipindue bidoni zote mbili barabarani. Mama mzee akanishika kifundo cha mkono. Ana nguvu, yule.

"Maziwa haimwagwi chini. Hata mbaya. Ng'ombe hakukosa kitu."

"Sasa tufanye nini nayo?"

"Arudi nayo. Apite ku kila kijiji na bidoni imejaa, bamuulize."

Akarudi nayo. Barabara nzima.

Siku nane hakuna maziwa yaliyoletwa. Patron wake, mwenye ng'ombe, alikasirika. Baadhi ya wale waliocheka nami wakaja kunitukana hemani: nimewafungia maziwa, watoto wao wanalia, mimi na shule yangu. Nikawajibu vibaya. Msichana wangu naye alikunywa uji mwembamba wa mtama, akalia. Muuguzi nilimpelekea habari ya daraja. Akasema ataandika ripoti. Picha ya mikono bado iko ukutani.

Siku ya tisa pikipiki ikaja. Bidoni hazikufika shingoni, na mtu aliyeendesha hakuwa yule. Tukamsimamisha, sisi akina mama kumi na mmoja, tukamwambia sheria yetu: anayeleta maziwa anywe kwanza, hapa, mbele yetu, kutoka kila bidoni. Akanywa vikombe viwili, akapangusa mdomo. Tone likakaa kwenye ukucha. Mpaka leo ni hivyo kila asubuhi, na hakuna mtu wa serikali aliyewahi kufika kutazama. Prof akinirudishia ule mtihani, nitafuta jibu langu.

Asubuhi ile nilipeleka maziwa nyumbani, nikayachemsha mpaka yakapanda mara mbili. Mama mkwe alikuwa amekaa na mtoto mapajani. Tangu siku ya daraja hakuwa amesema nami neno, wala jema wala baya. Nilimsikia tu usiku akigeuka. Niliweka sufuria chini, nikarudi nyuma kama nilivyozoea.

Aliinuka polepole, akaenda kwenye kona yake, akarudi na kikombe. Hakuomba msamaha. Alininyooshea kikombe, halafu akaninyooshea mtoto.

"Umunyweshe," alisema. "Mimi mikono inanitetemeka."

Haikuwa inatetemeka. Nilipokea vyote viwili.