Bei ya Kuanzia

Nikiikumbuka ile tenda ya maji, damu inanichemka mpaka leo. Mume wangu Melkizedeki hakuwa mvivu wala mjinga, asije mtu hapa akaniletea upuuzi wake! Serikali ilipokuwa ikichonga barabara ya mlima wa Sekenke, punda wake wanne ndio waliowapandishia vibarua maji kiangazi kizima. Bei alipatana na msimamizi palepale kazini. Walibishana, wakacheka, wakakubaliana. Kodi ya kichwa tukalipa, na Melki akalala kwake wakati wenzake wanakwenda Tanga kukata mkonge.

Mwaka uliofuata boma likatangaza: anayetaka kupeleka maji aandike bei yake, aitie kwenye bahasha. Mwinjilisti wetu akamwandikia. "Weka kubwa," Melki akamwambia, "mara mbili ya ile ya zamani. Wakiniita tutashushana." Sasa kosa lake nini? Hata kuku humnunui kwa bei ya kwanza! Nikamfulia shati, akakaa kungoja kuitwa.

Hakuitwa. Akaenda mwenyewe bomani. Karani, Simoni, akacheka mpaka akafuta machozi. "Tenda haina mapatano, bwana. Amepewa mwenye bei ndogo."

"Mbona hukuniambia?"

"Hukuuliza."

Hukuuliza! Ningekuwapo ningemzaba kofi, wanifunge wakitaka.

Aliyepewa ni tajiri mmoja wa mjini, mwenye lori lisiloweza kuupanda ule mlima. Punda hana hata mmoja. Wiki hiyohiyo akaja kwetu, macho makavu, kununua wa kwetu.

"Usimpe!" nikapiga kelele. "Heri wafie hapa!"

Melki akanitazama. "Lea, kodi nitalipa na nini? Nikafungwe?"

Akawauza. Kodi ikalipwa, ila ya mwaka ule tu. Kabla ya masika naye akapanda lori la manamba, na mkonge haukumrudisha.

Lakini punda wale walikuwa na mazoea yao. Kila asubuhi wakipelekwa kisimani na madebe ya tajiri, walikata kona wakaingia uani kwangu, wakasimama mlangoni. Kibarua wa tajiri aliwachapa fimbo mpaka watoke. Nami nilimtokea na mchi mkononi.

"Koma kuwapiga!" nilimfokea. "Wanamngoja mwenyewe atoke ndani!"