Pini Mdomoni mwa Fundi Hirsi

Masikio ya fundi Hirsi yalikuwa ya kawaida kabisa. Nalisema hili mwanzo kwa sababu mkishaisikia lakabu yake mtamchora kichwani na masikio ya punda, na hamtamtendea haki, kama wengine wengi hawakumtendea. Kwetu Mogadishu mwenye kilema huitwa kwa kilema chake, mnene huitwa Pipa mbele ya mama yake mzazi, na hakuna anayenuna. Mimi macho yangu hayaelewani, moja linatazama baharini na jingine sokoni, kwa hiyo tangu nilipotoka Barawa nikiwa mwari jina langu ni Makengeza. Ukiuliza mtaa wetu wote wa Hamarweyne habari za Shamsa binti Haji utarudi kwenu bila kuniona. Majina ya baba na babu yanafanana mno, hata polisi wakimtaka mtu humtafuta kwa lakabu. Na watu wanaamini kwamba lakabu haidanganyi. Jina la kuzaliwa hupewa na wazazi wanaokupenda, lakini lakabu hupewa na wanaokuona.

Nilikuwa nikipika halwa na chai, ukuta mmoja na duka la Hirsi Guled. Alikuwa mtu mrefu, mpole, mwenye kucha safi kuliko za bibi harusi, na alikuwa akishonea watu wa jumba la maigizo lililokuwa mtaa wa pili. Ndiyo maana Bulhan alikuwa habanduki pale. Bulhan alikuwa mchekeshaji ambaye nchi nzima ilimjua. Akisema neno redioni usiku, asubuhi wachungaji wanalo visimani. Lakabu yake ilikuwa Kibogoyo, kwa sababu ya meno mawili ya mbele.

"Meno yangu mawili yametaifishwa," alikuwa akisema jukwaani. "Haya yaliyobaki nimeyaandikisha kwa jina la mke wangu."

Ukumbi ulikuwa ukipasuka. Wote tuliwajua waliopokonywa maduka na waliowahi kuyaandika kwa majina ya wake zao. Kilichojulikana na wachache ni kwamba meno yenyewe aliyaacha kwenye sakafu ya jumba fulani, alikokwenda kuulizwa maswali kuhusu mzaha mwingine. Mizaha ya Kibogoyo ilikuwa hivyo. Ulicheka kwanza, ukifika nyumbani ukavua viatu, ndipo unaogopa.

Mizaha hiyo aliijaribia dukani kwa Hirsi, wakati anapimwa makoti yake ya jukwaani. Watu walijaa mlangoni kwangu na vikombe mkononi, wakacheka mpaka chai ikawatoka puani. Hirsi tu ndiye hakucheka. Fundi anayekubania nguo mwilini ana safu nzima ya pini mdomoni, na akicheka atazimeza. Alikuwa akicheka baadaye, watu wakishaondoka, peke yake juu ya mashine. Mimi nilikuwa nikimsikia kupitia ukutani na kucheka naye. Lakini wakati huo Kibogoyo alikuwa ameshakwenda zake, na mchekeshaji hasamehi uso usiocheka. Unamkera kuliko matusi.

Basi Iddi moja, ukumbi umefurika, wakubwa wamekaa safu ya mbele na wake zao, Kibogoyo alitoka akiwa amevaa koti jipya. Akajigeuza tuone mshono. Akasema, "Koti hili ni la fundi Hirsi. Hirsi hacheki mizaha yangu. Huipeleka kwanza kwa wakubwa, wakicheka wao ndipo naye acheke."

Sijapata kusikia kicheko kama kile. Hata safu ya mbele walicheka, tena wao ndio walioanza. Halafu sauti moja kutoka viti vya nyuma ikasema, "Masikio!" na ukumbi mzima ukaipokea. Hirsi alikuwa amekaa karibu nami, na mkewe Ardo upande wa pili. Nikamwona anatabasamu kwa adabu, kama mtu aliyemwagiwa chai na mgeni.

Kesho yake alikuwa Masikio. Asubuhi kulikuwa na watu wengi mlangoni pake kuliko siku zote, na hilo ndilo lililonitisha. Walileta suruali zisizohitaji kupunguzwa. Walilipa bila kupatana bei, wao ambao walikuwa wakigombana naye kwa senti na kumwita mwizi kwa mapenzi. Akichelewesha nguo wanasema hapana neno, fundi, chukua muda wako. Na hakuna aliyezungumza tena mle ndani. Duka lililokuwa na kelele kuliko soko la samaki likawa kimya kama chumba cha maiti. Mtu akiingia anasifu afya ya rais, anasifu mvua, anatoka.

Nilikasirika nikamfuata Kibogoyo nyumbani kwake, nikamwambia neno lake limemfunga mtu kamba. Kwanza aliniambia mzaha ni mzaha. Nikamweleza habari ya pini. Akajishika taya, na niliona wazi kwamba ameumia, maana hakuwa mtu mbaya. Akaahidi kulifuta pale pale alipolisemea.

Akalifuta kweli. Ijumaa iliyofuata alisimama jukwaani bila kofia, bila kuchezesha uso, akasema fundi Hirsi ni mtu mwema, hampelekei yeyote maneno, na kwamba yeye Bulhan alikosea. Kisha kicheko kikaanza, lakini cha chini, cha watu wanaotazamana. Walifikiri ametishwa. Walipotoka nje niliwasikia wakinong'onezana: umeona Masikio alivyo na mkono mrefu, hata Kibogoyo amepigishwa magoti.

Tangu siku hiyo hata watoto waliacha kumwamkia Hirsi. Ardo alikuwa akienda sokoni, wanawake wanampisha kwenye foleni ya sukari, wanampa nafasi ya mbele, na anarudi na sukari yake akilia. Mwishowe alichukua watoto akaenda kwa ndugu zake Baidoa. Hirsi alibaki. Nilimwambia auze mashine amfuate mkewe. Akanijibu, "Dada, nikiondoka watasema ni kweli."

Jibu hilo alinipa mara nyingi baadaye. Nililichoka, na mpaka leo sijui kama lilikuwa jibu la shujaa au la mpumbavu.

Haikupita mwezi, akaja mtu mmoja mwenye shati jeupe lililopigwa pasi vizuri mno, akaagiza chai kwangu akaenda kuinywa kwa Hirsi. Mlango ulikuwa wazi. Alikuwa na sauti nzuri, ya mtu aliyekula akashiba.

"Mji mzima unasema unatufanyia kazi," alimwambia. "Sisi tu ndio hatujaona matunda yako."

Hirsi alitema pini mkononi, akajibu kwamba yeye ni mshona nguo na hajui kazi nyingine. Yule mtu akacheka, akamwambia jina tayari analo, na chuki tayari anayo. Kilichobaki ni mshahara tu. Alitaka kitu kidogo cha kuanzia, maneno ambayo Kibogoyo huyasema akiwa anapimwa. Akamwuliza ana sababu gani ya kumficha Kibogoyo. Nilishika kijiko cha halwa nisikoroge, nisikie. Hirsi akasema, "Akipimwa huwa namwambia anyamaze, pini zisimchome." Yule mtu akamaliza chai yake, akanirudishia kikombe, akanishukuru.

Walimchukua kesho yake mchana, watu wote wakiona. Lakini hawakumfunga kamba wala kumsukuma. Walimfungulia mlango wa gari, kwa sababu hivyo ndivyo walivyopenda kufanya. Mtaa mzima ukasema amepelekwa mafunzoni.

Alirudi amekonda, kichwa amekiinamisha upande. Walimpiga makofi ya masikio, mikono miwili kwa pamoja, siku hata siku, huku wakimwita kwa lakabu yake na kucheka. La kushoto lilikufa kabisa. La kulia lilibaki na uhai kidogo, ukimkaribia sana. Aliniambia mimi peke yangu, tena kwa kuninong'oneza, maana aliyetoka katika jumba lile akasimulia alirudishwa kumalizia hadithi. Basi mteja akisema neno, Hirsi alimsogelea na kumtegea sikio la kulia. Nanyi mnaweza kufikiri wenyewe mtaa ulisema nini. Tazameni, walisema, sasa hata haya hana, anatega waziwazi.

Nilitamani kuwapigia kelele. Sikupiga, kwa ajili yake. Nikimhitaji niligonga ukuta kwa mchi, na yeye akauhisi mtikisiko mezani, akaja kuchukua chai yake.

Miaka ikaenda hivyo. Kisha serikali ikaanza kuoza, na mwezi wa kwanza wa mwaka ule mnaoujua mizinga ikafika mjini. Wakubwa wa safu ya mbele walikimbia na mazulia yao. Mwenye shati jeupe sikumwona tena; watu wa namna ile hawana lakabu, kwa hiyo hawapatikani. Nyumba ya Kibogoyo iliangukiwa na kombora, akaja kwangu na godoro moja. Wote wawili tulimsihi Hirsi tuondoke pamoja kuelekea Barawa. Alikuwa akimalizia suti ya bwana harusi ambaye pengine alikuwa ameshakufa. Akatoa pini mdomoni akasema lile jibu lake.

Walikuja asubuhi, vijana wenye bunduki kutoka nje ya mji, mkubwa wao amejifunga kichwani mtandio wa harusi wa mtu. Walikuwa wakitafuta waliokuwa wapelekaji maneno, mtaa kwa mtaa, na hawakuwa na majina ila lakabu. Hawakuhitaji kuuliza mara mbili. Walimtoa Hirsi nje, utepe wa kupimia ungali shingoni, wakamsimamisha juani mbele ya baraza langu. Ndipo mkubwa wao akamwona Kibogoyo amejikunyata nyuma ya sufuria.

"Wallahi huyu si Kibogoyo? Ami, tumekua na wewe redioni." Akamshika mkono kwa heshima, kama mtoto wa nyumbani. "Haya, wewe ndiye uliyetuambia habari zake. Ni huyu?"

Kibogoyo alisimama.

"Si yeye, wanangu. Nilimsingizia. Hakucheka kwa sababu alikuwa na pini mdomoni."

Walitazamana. Mmoja akarudia, "Pini mdomoni," halafu wote wakaangua kicheko, kicheko cha utoto, wakapigana mabegani. Kibogoyo alilia akiapa kwa Mungu kwamba anasema kweli, na kila alivyoapa ndivyo walivyozidi kucheka. Mwenye mtandio alijifuta machozi.

"Ami, umezeeka lakini hujaisha," alisema. "Zawadi yako. Mwacheni aende."

Akamsukuma Hirsi bega. Hirsi hakuwa amesikia lolote. Alinitazama mimi, nami nikampungia mkono: nenda, nenda. Akaelekea upande wa msikiti, polepole, mtu asiyekimbia. Moyo wangu ulianza kushuka mahali pake.

Kulikuwa na mmoja wao ambaye hakuwa amecheka, mwembamba, macho mekundu. Alikuwa ameiona saa mkononi mwa Hirsi.

"We Masikio. Simama kwanza."

Hirsi alikuwa akitembea.

"Masikio, nakwambia simama."

"Mwanangu, hasikii," nilisema. Nilitoka barazani, nikasimama mbele ya yule mwembamba na mikono yangu ya sukari. "Serikali ilimpiga masikio. Hasikii, naapa."

Mwenye mtandio alikaa chini juu ya kigoda changu kwa kicheko. "Masikio hasikii!" alipiga kelele, akiwaita wenzake waliokuwa mtaa wa pili waje wasikie hili. Nilianza kukimbia nimfikie Hirsi, nimguse. Yule mwembamba akapiga risasi juu ya bega langu.

Alianguka kifudifudi na utepe wake. Nyuma yangu wengine walikuwa bado hawajamaliza kucheka.

Tulimzika jioni, mimi na Kibogoyo na imamu. Baadaye tulipanda lori, tukavuka mpaka. Kibogoyo yupo hapa hapa Nairobi, anauza kadi za simu. Watu wakimtambua na kumwomba mzaha mmoja tu wa zamani, anawaambia amesahau.

Mwaka jana nilialikwa harusi moja hapa mtaani Islii. Walikuwa wamemkodi kijana mchekeshaji, suti inang'aa, aliyezaliwa huku huku na asiyeijua Hamarweyne hata kwa picha. Alisema huko nyumbani zamani kulikuwa na mpelekaji maneno mmoja aitwaye Masikio, na siku walipokuja kumkamata, bibi mmoja mwenye makengeza aliwaambia, "Mwacheni, hasikii."

Ukumbi ulipasuka. Bwana harusi aliinamia meza. Mimi nilikuwa na kipande cha halwa mdomoni, nimekishikilia kwa meno, sikimezi wala sikitemi. Kijana akapitisha macho juu ya watu wote wanaocheka, akafika kwangu, akasimama hapo.