Fundi wa Kola

Triza Ayuma alikuwa na neno moja lililomlisha tangu usichana wake: "Hiyo najua." Alilijifunza kwenye mageti ya viwanda vya Baba Dogo, Nairobi, ambako watu husimama asubuhi wakingoja kuitwa kazini. Supavaiza akitoka na kuuliza ni nani anajua oveloki, ile mashine ya kufunga kingo za kitambaa, mikono yote huinuka, hata ya yule ambaye hajawahi kuitia machoni hiyo oveloki. Ukiingia ukaharibu, unafukuzwa, na kesho unasimama kwenye geti la jirani kana kwamba hakuna lililotokea. Hakuna anayekuita mwongo, kwa sababu mkubwa wa geti hili hana habari na mkubwa wa geti lile.

Hivyo ndivyo alivyopata kazi kwenye kiwanda cha nguo, akakaa miaka tisa. Na katika miaka hiyo yote, msimcheke, alishona kola tu. Kitambaa kilikatwa chumba kingine na mtu mwingine. Mikono ilishonwa na waliokaa mbele yake, vifungo vikawa vya waliokaa nyuma. Yeye aliletewa kola kwa mafungu, akazishona, akazigeuza, akazinyoosha ncha mpaka zikachongoka, akazipitisha. Kola yake ilikuwa safi kweli. Kitu kingine hakukigusa, na hakuna aliyemwomba akiguse.

Kiwanda kikakosa oda, kikafungwa. Triza akarudi kwenye mageti akakuta yamejaa wasichana waliozaliwa juzi. Chumba alichopanga Makongeni kikamshinda, akarudisha ufunguo na kuuza kitanda. Ndipo Senje Nangila, dada ya marehemu baba yake, alipompigia simu kutoka kisiwani, kisiwa kidogo cha Ziwa Victoria upande wa Busia, ambacho mtu anaweza kukizunguka kabla ugali haujapoa.

"Njoo huku, mwanangu," Senje alisema. "Hatuna fundi. Cherehani ya akina mama wa kanisa imekaa tu inakula vumbi. Si wewe unajua kushona?"

"Hiyo najua, Senje."

Kisiwani mgeni hajitambulishi. Jumapili ya kwanza Senje alisimama kanisani, akamshika Triza mkono na kusema, "Huyu ni binti ya kaka yangu. Ni fundi wa nguo. Nimemleta mimi." Watu wakapiga makofi. Triza akatabasamu, lakini si kwa raha, maana alikuwa ameanza kuelewa mambo ya pale. Anayeleta mgeni ndiye anayemjibia. Mgeni akiharibu, haulizwi mgeni.

Mwanzoni mambo yalikwenda. Waliomjia walitaka viraka, pindo, zipu iliyokwama. Lakini kila mtu alipobisha hodi, Triza alitazama kwanza mikononi mwake. Akiona nguo kuukuu, alipumua. Akiona karatasi ya dukani yenye kitambaa kipya, alipatwa na jasho. Hakulala vizuri hata siku moja, na Senje akadhani ni mbu.

Kisha Bibi Taaka, ajuza wa pale kisiwani, akafariki, na binti yake Ajiambo akaja na kitambaa.

Wanawake wa kule hujichagulia wenyewe kitambaa cha mwisho, cha gauni la kuzikwa nalo. Bibi Taaka alikinunua chake zamani, cheupe chenye maua madogo ya buluu, akakiweka chini kabisa ya sanduku na kukitembelea mara kwa mara kuona kama panya hawajakigundua. Duka la kukipata kingine halikuwepo tena.

"Alitaka gauni la mikono mirefu, lenye kola," Ajiambo alisema, macho yamevimba kwa kulia. "Boti inaenda kumchukua mochari Ijumaa asubuhi, na gauni liende nayo. Utaweza, dada?"

Mdomo wa Triza haukungoja kichwa. "Hiyo najua."

Ajiambo alipoondoka, Triza alikitandaza kitambaa mezani akachukua mkasi. Akauweka chini. Akauchukua tena. Angeanzia wapi, begani au kiunoni? Kukata kitambaa hakujawahi kuwa kazi yake, na hiki kikienda upande, mama wa watu angezikwa na aibu ya Triza mwilini. Akampigia Jacky, rafiki yake waliyekuwa wakikaa kiti kwa kiti kule kiwandani.

"Niaje Triza, island inakupeleka aje?"

Triza akamweleza yote.

"Sasa wewe unastress ya nini?" Jacky akasema. "Si uhepe tu. Sema umeitwa job huku Baba Dogo. Kwani nani hutafuta mtu akihepa?"

Lilikuwa shauri la mtu aliyemtakia mema, na Triza akalikubali. Jumatano asubuhi Senje akiwa shambani, alikunja kitambaa vizuri, akakiacha juu ya cherehani, akachukua mkoba na kushuka ufuoni. Boti ya kwenda ng'ambo ilikuwa karibu kuondoka. Nahodha, bwana mmoja mnene aitwaye Bwire, alimwona akampisha njia.

"Unafuata uzi, dada? Nimesikia ni wewe unamshonea Bibi Taaka. Kaa hapa mbele usilowe. Nauli wacha, hii ni safari ya matanga."

Triza akakaa, kwani angesema nini? Abiria wakambana kwa mazungumzo. Huyu alimwambia Bibi Taaka ndiye aliyemzalisha. Yule akataka kujua kama gauni litakuwa na mkanda. Mama mmoja akafungua leso, akatoa vifungo vyeupe alivyovikata kwenye shati la mumewe asubuhi ile. "Huenda ukavikosa ng'ambo," akasema, akamwekea kiganjani.

Huko Baba Dogo mtu anaweza kupotea kwa kuvuka barabara. Hapa hata katika kutoroka watu walikuwa wamemsafishia njia na kumpa vifungo. Triza aliogopa kwenda, akaogopa kurudi, na katikati ya hofu hizo mbili akasikia sauti ya Senje kanisani: nimemleta mimi. Jumapili ikifika, Senje angekaa benchi gani?

Bwire alipovuta kamba ya injini, Triza alisimama.

"Nimesahau kitu," akasema.

Alishuka, akakichukua kitambaa kule juu ya cherehani na kwenda nacho kwa Ajiambo. Alitaka wazungumze faraghani, lakini nyumba ya msiba haina faragha. Wanawake walikuwa wamejaa uani wakichagua maharagwe, na wote wakageuka kumsikiliza.

"Ajiambo, dada yangu, sijui kushona gauni. Nilikudanganya. Mimi najua kola peke yake."

"Kola peke yake?"

"Ndiyo."

"Na hiyo miaka yote Nairobi?"

"Kola."

Mwanamke mmoja alijizuia kucheka, akashindwa, na wenzake wawili wakamfuata, kicheko cha watu waliochoka kulia. Ajiambo hakucheka. Alimtazama Triza mpaka Triza akatamani ardhi impokee.

"Umeshakikata kitambaa?"

"Bado."

"Basi Mungu yupo," Ajiambo akasema, akaingia ndani.

Alitoka na gauni la zamani la mama yake, la mikono mirefu, akalikabidhi kwa wanawake, wakaanza kulifumua mshono kwa mshono. Vipande vilipolazwa mkekani, kifua, mgongo, mikono na kola, Triza aliduwaa. Alikuwa anaifahamu ile hali. Ilikuwa laini ya kiwanda, ile safu ya washonaji, kila mtu na kipande chake. Hakujua kazi ya aliyekaa mbele wala ya aliyekaa nyuma, lakini alijua kipi kinatangulia kipi. Akawapanga wanawake kwenye mkeka. Ajiambo mwenyewe alikata, akifuata vipande vya zamani. Wenye mkono ulionyooka wakapewa mabega na mbavu, wenye subira wakapewa mikono. Kola akaichukua yeye, akaishona, akaifumua na kuanza upya.

Usiku ule Triza alilala hukohuko msibani, na Alhamisi alasiri Senje akaingia uani. Habari zilikuwa zimemfikia, na zingekosaje? Hakumsalimu Triza.

"Umeniaibisha," akasema.

"Nisamehe, Senje."

"Si leo umeniaibisha. Ni siku ile ya simu. Nikaenda nikasimama mbele ya watu na uongo wako mkononi." Kisha akaketi, akavaa miwani, akavuta pindo la gauni na kuomba sindano. Walishona bega kwa bega mpaka uzi wa mwisho ukakatwa.

Mwili ulifika Ijumaa. Jeneza lilikuwa na kile kidirisha cha kioo juu, na watu wakapanga foleni kuaga. Triza alikuwa nyuma kabisa, akiwaza mabega yaliyoshonwa na mikono saba tofauti, mbavu ambazo upande mmoja ulikuwa umepanda kidogo. Zamu yake ikafika. Akainama. Kupitia kile kioo ulionekana uso wa Bibi Taaka, umetulia, na chini ya kidevu kola nyeupe ya maua ya buluu, ncha zake mbili zimekaa sawasawa. Kingine chochote hakikuonekana. Triza alilia kwa mara ya kwanza tangu atoke Makongeni, na Senje akamshika mkono, akamwondoa pale ili wengine wapite.

Juma lililofuata mtu alibisha hodi. Alikuwa Bwire, na mkononi alikuwa na karatasi ya dukani. Jasho likamtoka Triza kama kawaida.

"Unajua kushona suruali?"

Lile neno lake la zamani lilifika mpaka kwenye meno. Akalimeza.

"Hiyo sijui."

"Najua hujui, kisiwa kizima kinajua," Bwire akasema, akavuta kiti na kutoa suruali kuukuu kwapani. "Ndiyo maana nimekuja na ya zamani tuifumue."